Maneno ya Kumuulizia Mgonjwa Hali ya Maisha Yake: Uhakiki wa Istilahi za Uhitaji Hospitalini

UTANGULIZI

Kazi ya istilahi haiishi pale neno linapoandikwa katika orodha. Neno huanza kazi yake linapomfikia mtu asiyeijua orodha hiyo, na hapo ndipo iwezekanapo kupima kama lilifaa au halikufaa. Katika makala haya twapenda kuyatazama maneno ya nyanja moja ambayo bado haijatulia katika Kiswahili, nayo ni ile ya kumuuliza mgonjwa aliyefika hospitali juu ya mambo ya maisha yanayoathiri afya yake: kama ana chakula, kama ana mahali pa kulala, kama ana nauli ya kurudi kliniki, kama yupo mtu wa kumtazama nyumbani, na kama anaishi bila hofu ya kupigwa.

Dhana yenyewe si ngeni. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa saini mwaka 1946, iliieleza afya kuwa ni ukamilifu wa hali ya mwili, akili na jamii, wala si kukosa maradhi tu. Mwaka 2008 tume ya Shirika hilo iliyoongozwa na Michael Marmot ilitoa taarifa iliyosisitiza kwamba hali ya mtu anamozaliwa, anamoishi na anamofanyia kazi ina nguvu kubwa juu ya uzima wake. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2017 na 2022, ulikuwako mpango wa serikali kuu wa kuwauliza wagonjwa maswali ya namna hii katika mambo matano: makazi, chakula, usafiri, huduma za nyumbani kama umeme na maji, na usalama wa mtu. Hapa kwetu kazi iliyo karibu na hiyo hufanywa na maafisa ustawi wa jamii, wakisaidiana na wauguzi.

Tumechagua kuyapima maneno haya kwa kuitazama Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Kilosa mjini, penye hospitali ya wilaya, pako kwenye reli ya kati. Mikumi, penye Hospitali ya Mtakatifu Kizito, pako kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Wilayani humo wamo Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, wamo wazao wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge waliotoka mbali, wamo wafugaji wa Kimaasai na wa Kibarbaig, na wapo wasafiri wapitao usiku na mchana. Kiswahili ni lugha yao wote ya kuzungumza na serikali, lakini si lugha ya mama ya wote. Neno likieleweka vizuri katika wodi ya Kilosa au ya Mikumi, laelekea kueleweka kwingi. Na likikwama huko, kukwama kwake kuna funzo.

"MAHITAJI YA KIJAMII YASIYOTIMIZWA"

Mfasiri akilichukua jina la dhana hii kutoka Kiingereza na kulifasiri neno kwa neno, atapata "mahitaji ya kijamii yasiyotimizwa". Kisarufi halina kosa. Kimaana lina kasoro tatu.

Kwanza ni hili neno "kijamii". Katika lugha ya mipango ya maendeleo, ambayo wananchi wameizoea tangu miaka ya vijiji vya ujamaa, mahitaji ya jamii ni mambo ya watu wote kwa pamoja: kisima, shule, zahanati, josho, barabara. Mtu wa kijiji cha bonde la Mkondoa akiulizwa, "Una mahitaji gani ya kijamii?" aweza kujibu kwa haki kabisa kwamba kijiji chao chahitaji daraja. Jibu lake ni sahihi, ila halimweleze mwuguzi kwamba mtu huyo hakula tangu jana.

Pili ni "mahitaji". Katika mazungumzo ya kila siku, mahitaji ni vitu vya kununua: sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Na swali "Unahitaji nini?" ni swali la mwenye duka, au la mwenyeji kwa mgeni wake. Anayeliuliza huchukuliwa kuwa anacho cha kutoa. Likiulizwa hospitalini na mtu asiye na cha kutoa, swali hugeuka kuwa ahadi, na ahadi isiyotimia humfanya mgonjwa asijibu tena safari ya pili.

Tatu ni "yasiyotimizwa". Kwa Kiswahili mtu hutimiza ahadi, wajibu au nadhiri. Kwa hiyo jambo lisilotimizwa lina mtu aliyeshindwa kulitimiza. Je, ni nani? Mume? Watoto? Serikali ya kijiji? Mama aliyelazwa hujiona ameitwa kutoa mashtaka, na aghalabu atachagua kunyamaza kuliko kumshtaki mtu wa nyumbani kwake.

Hali Kiswahili kinalo neno lililo tayari, nalo ni "uhitaji". Mahitaji ni vitu, uhitaji ni hali. Na aliye katika hali hiyo ni mhitaji, neno lenye heshima ambalo halimlaumu mtu. Pamoja nalo yapo maneno matatu ambayo wafasiri hawayatumii vya kutosha: kukosa, kupungukiwa na kuishiwa. Aliyekosa hakupata kabisa. Aliyepungukiwa alipata lakini hakikutosha. Aliyeishiwa alikuwa nacho, nacho kikafika mwisho. Ni ngazi tatu za uhitaji zilizo wazi kwa kila msemaji wa lugha hii, tena "kuishiwa" halina aibu, kwa kuwa hata tajiri huishiwa.

UCHUNGUZI, UPIMAJI, USAILI AU MCHUJO?

Kitendo chenyewe cha kuuliza nacho hakina jina moja. Neno la Kiingereza litumikalo lina maana ya pazia na pia ya chekecheo, na wafasiri wengi hufuata hii ya pili. Hivyo hupatikana "uchujaji" na "mchujo". Maneno hayo hayafai. Mchujo kwa Watanzania ni jambo la wagombea na la mitihani: wapo wanaopita na wapo wanaotupwa. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba anapitishwa katika mchujo atajitahidi apite, yaani atasema kwamba hana shida yoyote.

"Uchunguzi" limezoeleka, na katika magonjwa lafaa. Twasema uchunguzi wa awali wa saratani ya mlango wa kizazi, na wananchi huelewa. Lakini uchunguzi wa maisha ya mtu ni kazi ya polisi, na kitu kinachochunguzwa nyumbani kwa mtu ni uhalifu. "Mahojiano" lina harufu iyo hiyo. "Usaili" ni wa kuomba kazi. "Upimaji" hudai kipimo, na mgonjwa hungoja sindano. "Dodoso" ni karatasi ya watafiti, nao wananchi wamewaona wakija na kuondoka bila kurudi.

Limebaki "utambuzi". Hili limetumika katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, na wananchi wa vijijini walijua kwamba utambuzi ni wa kaya nzima, na kwamba una orodha. Kwa sababu hiyo lina faida na hasara. Faida ni kwamba laeleweka. Hasara ni kwamba aliyewahi kuachwa nje ya orodha hiyo atadhani anaachwa mara ya pili. Kwa maoni yetu "ubainishaji wa uhitaji" ndiyo istilahi ifaayo kwa fomu na kwa mafunzo ya watumishi. Kubainisha ni kufanya jambo lionekane wazi. Hakuchagui wala hakutupi.

Hata hivyo istilahi hiyo ni ya mtumishi. Kosa kubwa tulionalo katika tafsiri za nyanja hii ni kulichukua jina la kazi na kulitia ndani ya swali. Mtu hamwambii mgonjwa, "Sasa nakubainishia uhitaji wako." Mganga hamwambii mtoto kwamba anampima joto la mwili kwa kipimajoto, humwambia, "Hebu njoo nikuone." Istilahi ni chombo cha wataalamu kuelewana wao kwa wao; swali ni njia ya kumfikia mtu. Mambo haya mawili hayana budi kutengwa.

MASWALI YENYEWE

Yatupasa sasa kuyatazama maswali, maana humo ndimo tafsiri huponya au huharibu.

(a) Chakula. Maneno "usalama wa chakula" yametumiwa kwa mambo mawili: kuwapo kwa chakula cha kutosha, na chakula kuwa safi kisicho na sumu. Katika nchi ambayo mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, mkanganyo huo si mdogo. Neno "sumukuvu" lenyewe ni mfano wa istilahi iliyofaulu, kwa kuwa kila sehemu yake yajulikana. Kwa maana ya kwanza twaunga mkono "uhakika wa chakula", na "usalama wa chakula" libaki kwa maana ya pili. Lakini hata "uhakika wa chakula" lisiingie katika swali. Swali liwe: "Katika siku saba zilizopita, nyumbani kwenu mlilala njaa hata siku moja?" Litazamwe vizuri swali hili. Lina muda uliotajwa. Lina "kulala njaa", ambalo kila mtu alijua. Tena liko katika wingi: "mlilala". Ukimuuliza baba wa watu, "Wewe hukosa chakula?" umemvunjia heshima, ukimuuliza juu ya nyumbani kwao, atajibu kwa niaba ya watoto.

(b) Makazi. "Je, una makazi ya kudumu?" ni swali la hatari wilayani Kilosa. Mwezi Desemba mwaka 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Na mwaka 2009 ilifanyika operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao wilayani. Mfugaji akiulizwa juu ya makazi ya kudumu husikia swali la kumwondoa. Vivyo hivyo mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulipofurika na kuharibu reli na nyumba, maelfu ya watu waliishi katika mahema. Mtu wa hemani ana makazi au hana? Atajibu atakavyo. Afadhali kuuliza: "Ukitoka hapa hospitalini, utalala wapi leo? Na mwezi ujao?" Maneno hayo hayadai hati, na jibu lake lamfaa daktari anayetaka kujua kama kidonda kitakaa mahali pakavu.

(c) Usafiri. "Una tatizo la usafiri?" lina majibu manne ndani yake. Huenda mtu hana nauli. Huenda nauli anayo lakini hakuna gari. Huenda gari lipo lakini mto umejaa na njia imekatika. Au huenda hawezi kusafiri peke yake na hana wa kumsindikiza. Mwenyeji wa vijiji vya milimani wakati wa masika aweza kuwa na yote manne. Kila moja lina dawa yake: la kwanza ni fedha, la pili na la tatu ni kubadili tarehe ya kliniki, la nne ni mtu. Swali moja lenye jibu la "ndiyo" halisaidii kitu.

(d) Ndugu. Fomu nyingi huuliza jina la "ndugu wa karibu". Mikumi ni mahali pazuri pa kuuona udhaifu wa maneno haya. Majeruhi wa ajali ya barabarani, kwao Mbeya, akiulizwa kama ana ndugu wa karibu atajibu kwamba anaye, maana kaka yake wa tumbo moja yu hai. Mwuguzi ataandika kwamba anaye. Ikifika jioni hakuna wa kumletea chakula wala wa kumwosha, kwa kuwa ndugu wa karibu yuko mbali. Ukaribu wa damu na ukaribu wa mahali vyote ni "karibu" kwa Kiswahili, na fomu haina budi kuvitenga: "Nani apewe habari zako?" na "Nani atakayekuja kukutazama hapa?"

(e) Huduma za nyumbani. Mpango ule wa Marekani uliuliza juu ya kukatiwa umeme, gesi au maji. Kulifasiri swali hilo kama lilivyo kwa nyumba ambayo haijapata kuunganishwa umeme ni kazi bure. Uhitaji ulio nyuma yake upo: kuni, mkaa, na maji ya kunywa. Mfasiri afasiri uhitaji, asifasiri waya.

Jambo moja zaidi lahusu adabu yetu wenyewe. Swali "Habari za nyumbani?" jibu lake ni "Njema", hata kama nyumbani kuna msiba, habari mbaya hufuata baadaye, baada ya "ila". Kwa hiyo swali lolote la jumla juu ya hali litajibiwa kwa adabu, si kwa habari. Maswali ya kifua kikuu yanayoulizwa katika vituo vyetu vya afya yalikwepa mtego huu: huuliza juu ya kikohozi cha wiki mbili au zaidi, makohozi yenye damu, homa, kupungua uzito na kutoka jasho usiku. Hakuna humo istilahi hata moja isiyojulikana na bibi wa kijijini. Maswali ya uhitaji yafuate mfano huo.

"MSAMAHA" NA "WASIOJIWEZA"

Sehemu hii ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu maneno yake huamua nani atatibiwa na nani atakimbia.

Tangu serikali ilipoanza utaratibu wa uchangiaji wa gharama katika hospitali zake mwaka 1993, yalikuwako makundi mawili ya wasiolipa. Kundi la kwanza ni la wale ambao kwa mujibu wa utaratibu hawadaiwi, kama akina mama wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wagonjwa wa kifua kikuu. Kundi la pili ni la wale wanaodaiwa kama wengine, lakini huondolewa malipo baada ya kuonekana kwamba hawana uwezo. Kiingereza kina maneno mawili kwa mambo haya mawili. Kiswahili cha hospitalini kimeyaita yote "msamaha".

Msamaha huombwa na aliyekosa. Mama mjamzito hakukosa, wala hakudaiwa. Mtu hasamehewi deni asilokuwa nalo. Tukimwambia kwamba amepewa msamaha, tumeigeuza haki yake kuwa fadhila, na siku atakapodaiwa kinyume cha utaratibu hatakuwa na neno la kudai. Naye mhitaji wa kundi la pili, ambaye hapana budi aulizwe ndipo ajulikane, hulazimika kwenda mbele ya meza "kuomba msamaha" kwa umaskini wake. Yupo atakayeona afadhali kurudi nyumbani na ugonjwa. Kuongeza "wa kudumu" au "wa muda" hakuondoi kasoro hiyo, maana shina la neno ni lile lile. Twapendekeza "stahiki ya matibabu bila malipo" kwa kundi la kwanza, na "ondoleo la malipo" kwa la pili.

"Wasiojiweza" nalo lina historia ndefu katika ustawi wa jamii. Makazi ya wazee kama yale ya Fungafunga, Morogoro, yamejulikana kuwa ya wazee wasiojiweza. Lakini asiyejiweza ni asiyeweza kujifanyia lolote. Mkulima mwenye afya aliyesombewa shamba na mafuriko hawezi kukubali jina hilo, na hapaswi kulikubali. "Asiye na uwezo" halina nafuu kubwa, kwani huishia kusemwa juu ya mwili na juu ya akili pia. Sasa kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imelifanya suala la nani hawezi kulipa kuwa jambo la sheria, na kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, jina la watu hawa si jambo dogo la wanaisimu.

Wapo watakaosema kwamba kubadili jina hakumshibishi mtu. Ni kweli. Lakini tunao ushahidi wa nguvu ya jina. Hapo zamani walisemwa "waathirika wa UKIMWI", na wengine wakawaita "wahanga". Baadaye likaenea "watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI", na ukimya ukapata mahali pa kuvunjikia. Hali kadhalika "vilema" na "walemavu" waliacha nafasi kwa "watu wenye ulemavu", maneno yaliyowekwa katika sheria ya mwaka 2010. Na tukumbuke kampeni za "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, zilizofanywa kwa redio na vikundi vya kusoma: majina yake yalikuwa maneno matatu matatu ambayo hayakuhitaji kamusi, wala hayakumdunisha aliyeyasikia.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo yafikiriwe na wahusika:

Mahitaji ya kijamii yasiyotimizwa: uhitaji wa mgonjwa, kwa wingi wa aina, "aina za uhitaji".

Mchujo, uchujaji, uchunguzi wa kijamii: ubainishaji wa uhitaji.

Usalama wa chakula, kwa maana ya kuwapo kwa chakula: uhakika wa chakula.

Ndugu wa karibu: mpewa habari, na mbali naye, mtazamaji wa mgonjwa.

Msamaha, kwa asiyedaiwa: stahiki ya matibabu bila malipo.

Msamaha, kwa anayeondolewa malipo: ondoleo la malipo.

Wasiojiweza, wasio na uwezo: wahitaji, na panapohitajika kupambanua, "wahitaji wa ondoleo la malipo".

HITIMISHO

Twajua kwamba baadhi ya maneno haya yatapingwa. "Mtazamaji wa mgonjwa", kwa mfano, lina mgongano na mtazamaji wa mpira, na huenda likapatikana bora zaidi katika vinywa vya wauguzi wenyewe. Tutafurahi wakileta. Walimu wa vyuo vya uuguzi waweza kuyajaribu maswali haya kwa wanafunzi wao kabla ya kwenda wodini, na wafasiri wa fomu waweza kuwasomea watu watatu wasiofanya kazi hospitalini kabla ya kupiga chapa. Wakisita mahali, hapo ndipo pa kurekebisha.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mara nyingi methali hii huelekezwa kwa mgonjwa, kwamba aseme apone. Ni haki ielekezwe pia kwa anayeuliza. Mtu huvua nguo mbele ya mganga kwa sababu pazia limefungwa na kwa sababu anajua kwa nini avue. Swali la uhitaji nalo lataka faragha yake na sababu yake, na maneno tunayomchagulia mwuguzi ni sehemu ya pazia hilo.